Matunda na Mboga Mbichi: Dawa Iliyo Mlangoni Petu

Miongoni mwa sehemu tano zinazoliunda jiji la Kampala, Lubaga ndiyo iliyoshika mlango wa magharibi. Barabara ya Masaka na ile ya Mityana hukutana Busega, na ile ya Hoima hupitia Kasubi. Kwa njia hizo tatu huingia kila alfajiri malori na magari madogo yaliyosheheni mananasi, ndizi, parachichi, mafenesi, nyanya na kabeji. Kabla jua halijapanda sawasawa, masoko ya Nateete, Kasubi na Nakulabye huwa yamekwisha kujaa, na akina mama wamekwisha kupanga mafungu yao juu ya magunia.

Kwa hiyo ingetazamiwa kwamba mkaaji wa Lubaga awe mtu anayekula matunda na mboga kuliko watu wengi duniani. Lakini sivyo mambo yalivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, yaani mafungu matano ya kiasi cha kujaa kiganja. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2014 juu ya visababishi vya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba waliofikia kipimo hicho ni watu kama 12 tu katika kila watu 100. Nchi yenye rutuba namna hii, ambayo mbegu ya papai ikitupwa nyuma ya jiko huota bila kuulizwa, inalea watu wanaopita mbele ya matunda wakienda kununua soda!

Nia ya makala haya ni kueleza faida za kula matunda na mboga zikiwa mbichi, na kueleza vilevile sharti moja ambalo pasipo hilo faida hizo hugeuka hasara. Tunasema mapema kwamba hatuwahimizi wasomaji kuacha kupika. Tunawahimiza wajue kipi kipikwe, kipi kiliwe kibichi, na kwa usafi gani.

FUNDISHO LILILOTOKA KAMPALA

Wananchi wengi hawafahamu kwamba moja ya mafundisho makubwa juu ya chakula katika karne iliyopita lilianzia katika jiji hili hili la Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, kilima kisichokuwa mbali na Lubaga. Hapo walifanya kazi madaktari wawili. Wa kwanza, Hugh Trowell, alikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, aliyetumika Kenya na Uganda kwa muda wa miaka 30 hivi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili, Denis Burkitt, alikuwa mpasuaji, aliyekuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili kabla ya kuletwa Uganda mwaka 1946. Burkitt ndiye aliyeeleza mwaka 1958 ile saratani ya taya za watoto ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Madaktari hao waliona jambo la ajabu. Maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama vile uvimbe wa kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, kisukari cha watu wazima na maradhi ya moyo, yalikuwa haba mno miongoni mwa wagonjwa Waafrika wa Mulago. Trowell aliyaorodhesha mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1960. Burkitt, baada ya kurudi kwao mwaka 1966, alikutana na mawazo ya mtu mwingine wa jeshi, Kapteni Cleave, mganga wa Jeshi la Majini la Uingereza, ambaye wakati wa vita aliwapa mabaharia wa manowari pumba za ngano ili kuwaondolea taabu ya kufunga choo. Ndipo Burkitt alipounganisha mambo mawili aliyokuwa nayo: maradhi ambayo hakuyaona Uganda, na chakula alichokiona kikiliwa Uganda.

Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walitoa vipimo vyao. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilichukua kama siku moja na nusu tu kutoka kinywani hadi kutoka tumboni. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, kilichukua zaidi ya siku tatu. Tofauti ilikuwa nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha. Nyuzinyuzi hufyonza maji, hulainisha choo, huusukuma uchafu utoke upesi, na huifanya sukari iingie katika damu polepole. Nyuzinyuzi hizo zimo katika matunda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa.

Lazima tuseme ukweli kwamba sehemu kubwa ya chakula cha wanavijiji wale kilikuwa kimepikwa: ndizi, viazi vitamu, maharage na mboga za majani. Nyuzinyuzi haziungui kwa moto. Lakini je, mkaaji wa jiji leo anakula kama wanavijiji wale? Hasha. Asubuhi ni chai na mkate mweupe, mchana ni chipsi, jioni ni wali na soda. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwa sahani ya Mganda, na sasa wenye sahani wanaiacha. Njia nyepesi ya kurudisha kilichopotea, isiyohitaji kuni wala mkaa, ni tunda zima linaloliwa na nyama yake, na ganda lake likiwa linalika.

Tunatilia mkazo neno hilo: tunda zima. Chungwa likikamuliwa na machicha yake kutupwa, kinachobaki gilasini ni maji na sukari pamoja na sehemu ya vitamini, na nyuzinyuzi nyingi zimekwenda jaani. Mtu anayekula machungwa mawili hushiba. Anayekunywa sharubati ya machungwa manne huhitaji gilasi ya pili.

KINACHOTEKETEA CHUNGUNI

Sababu ya pili ya kula vitu vibichi ni vitamini C. Vitamini hii ina udhaifu wa namna mbili: huharibiwa na joto, na huyeyuka katika maji. Mboga ikichemshwa kwa muda mrefu katika maji mengi, kisha maji yakamwagwa, nusu ya vitamini hiyo au zaidi inaweza kupotea. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza wala kuiweka akiba kwa muda mrefu. Hauna budi kuipata kwa chakula, mara kwa mara.

Historia ya majeshi imeandika fundisho hili kwa machozi. Kwa karne nyingi mabaharia waliokaa miezi baharini wakila nyama ya chumvi na biskuti kavu waliugua kiseyeye: fizi zikavimba na kutoka damu, meno yakalegea, vidonda vya zamani vikafunguka, na hatimaye mauti. Mwaka 1747 daktari wa majini James Lind aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, akawapa kila kundi dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi, kwa muda wa siku chache tu. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, hadi mwaka 1795, kabla ya maji ya limau kuwekwa katika posho ya Jeshi la Majini la Uingereza.

Wala jambo hilo halikwisha na merikebu za tanga. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilizingirwa na Waturuki huko Kut, nchini Iraki, tangu Desemba 1915 hadi Aprili 29, 1916. Ndani ya mji ule askari wa Kihindi waliugua kiseyeye kwa kukosa mboga na nyama mbichi, na wale wa Kiingereza wakaugua beriberi kwa kula mkate mweupe. Risasi hazikuwamo katika maradhi hayo. Ni sahani tu. Sisi tulio katika kazi ya jeshi tunajua kwamba askari aliyeangushwa na tumbo hana tofauti na aliyeangushwa na adui, kwani wote wawili hawapo kwenye mstari.

Mkaaji wa Lubaga hana haja ya kutafuta machungwa ya mbali ili ajikinge. Mwaka 1879 alifika Buganda Padre Siméon Lourdel, Mfaransa, ambaye wenyeji walimwita Mapeera kutokana na walivyoyasikia maneno ya Kifaransa ya kumwita padre. Kwa Kiganda neno hilo hilo ndilo jina la mapera. Hapa Lubaga, penye kanisa kuu la Wakatoliki, jina la Mapeera limo vinywani mwa watu siku zote. Lakini pera lenyewe huachiwa ndege na watoto watundu. Basi ifahamike kwamba pera lina vitamini C mara tatu au nne kuliko chungwa la uzito ule ule. Pera moja lililoiva humtosheleza mtu mzima haja ya siku nzima! Papai, nanasi, embe, kabeji mbichi na pilipili hoho nazo zimo katika safu ya mbele.

Pamoja na vitamini C, moto na maji hupunguza pia folati, ambayo ni ya lazima kwa mama mjamzito, kwani husaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto kuumbika sawasawa katika majuma ya mwanzo ya mimba. Parachichi, papai na mboga za majani huitoa kwa wingi.

DAMU YA MAMA NA MTOTO

Yapo mafaa mengine ambayo kwa nchi yetu yana uzito wa pekee. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 53 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, na wanawake 32 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo ni miongoni mwa sababu, na ukosefu wa madini ya chuma katika chakula ni sababu nyingine.

Maharage na mboga za majani kama dodo zina madini ya chuma, lakini madini hayo ya mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ndiyo inayoyafungulia mlango. Mtu akila maharage peke yake hupata kidogo. Akila maharage hayo hayo pamoja na kachumbari ya nyanya na kabeji, au kipande cha papai mara baada ya chakula, mwili hunyonya chuma zaidi. Chai, kinyume chake, huufunga mlango huo. Kwa hiyo mama anayempa mtoto chai pamoja na maharage angefanya vyema kuiweka chai mbali na chakula, na mahali pake kuweka tunda. Badiliko hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji maarifa tu.

UBICHI USIO SAFI NI ADUI

Sasa tunafika kwenye lile sharti. Kati ya Januari na Juni mwaka 2015 jiji la Kampala lilipatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo. Walioshukiwa kuugua walizidi watu 10,000, na wengi wao walikuwa watu waliofanya kazi katikati ya jiji. Wachunguzi walipofuata nyayo za ugonjwa walifika kwenye maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa na kuuzwa mitaani. Tunda halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la maji yaliyotiwa, na mikono iliyoyatia.

Chakula kinachopikwa humsamehe mpishi mchafu, kwa sababu moto huua vijidudu. Chakula kibichi hakina msamaha huo. Chochote kilichoshika ganda la embe njiani, iwe ni vumbi, inzi au mikono kumi ya wauzaji na wanunuzi, huingia kinywani pamoja na embe. Kabeji mbichi inayokatwakatwa ndani ya rolex kando ya barabara, nanasi lililomenywa na kuachwa juu ya toroli tangu asubuhi, kachumbari inayosindikiza nyama ya kuchoma: vyote hivi ni chakula chema, lakini wema wake umo katika maji aliyotumia mwenye kuviandaa.

Hatari nyingine huanzia shambani. Lubaga imepakana na bonde la Lubigi, ambalo hupokea maji ya mifereji kutoka sehemu kubwa ya jiji. Mboga inayomwagiliwa maji machafu inaweza kubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 juu ya mboga zilizolimwa kando ya barabara za Kampala ulikuta madini ya risasi katika udongo na majani, mengi zaidi karibu na barabara, yakipungua kadiri ya umbali. Watafiti wakashauri kwamba mboga za majani zisilimwe ndani ya meta 30 kutoka barabara kubwa. Kuosha huondoa vumbi lililokaa juu ya jani, lakini hakuwezi kuondoa kilichopenya ndani. Kwa hiyo tuulize mboga imetoka wapi kabla ya kuuliza bei yake.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa tunda lolote, na kisu na ubao vioshwe vilevile. Ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe kachumbari hata kidogo.

Pili, matunda na mboga yaoshwe kabla ya kumenywa, siyo baada yake. Kisu kinachopita katika ganda chafu la nanasi au tikiti hupeleka uchafu ndani. Majani ya kabeji yatenganishwe moja moja na kuoshwa kwa maji yanayotiririka. Yatakayoliwa mabichi yasuuzwe mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa vidonge vya kusafishia maji kwa kipimo kilichoandikwa. Sabuni ya nguo isitumiwe kuoshea chakula.

Tatu, tunda lililokatwa liliwe mapema na lifunikwe. Ni heri kununua nanasi zima na kulimenya nyumbani kuliko kununua kipande kilichokaa juani. Anayependa sharubati na aitengeneze kwa maji yaliyochemka, pasipo sukari ya kuongeza.

Nne, tusile kibichi kile ambacho Mungu amekipangia moto. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu inayoondolewa kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa. Maharage yasiyoiva barabara huleta kutapika. Majimbi huwasha koo. Kwa upande mwingine, karoti na nyanya zikipikwa kwa mafuta kidogo hutoa baadhi ya virutubisho vyake kwa urahisi zaidi kuliko zikiwa mbichi. Wale wenye kisukari au maradhi ya figo waulize waganga wao kiasi kinachowafaa.

Tano, tunapopika mboga tufuate hekima ya wazee wa Buganda, ambao huzifunga nakati na dodo katika majani ya mgomba na kuziweka juu ya matoke ili ziive kwa mvuke. Hakuna maji yanayomwagwa, na kwa njia hiyo vitamini hupotea kidogo kuliko zikichemshwa. Sahani bora ni ile yenye mboga iliyopikwa kwa mvuke upande mmoja, na kachumbari safi upande wa pili.

Wapo watakaosema kwamba mjini hakuna shamba. Jibu ni gunia. Gunia moja la udongo na samadi, likitobolewa matundu ubavuni, huotesha mboga za kutosha jikoni, na huweza kukaa katika ua usio na nafasi ya kitanda. Halmashauri ya jiji ina kituo chake cha kilimo huko Kyanja, ambako ukulima wa mjini umekuwa ukifundishwa kwa vitendo. Mboga ya guniani ina faida moja kubwa kuliko zote: mwenyewe anajua imenyweshwa maji gani. Na anayemiliki kipande cha ua na apande mpera au mpapai. Mpapai huanza kuzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Mtoto anayezaliwa leo ataula akiwa anajifunza kutembea.

Shule nazo zina sehemu yao. Mtoto anayefundishwa kuosha embe kabla ya kuling'ata hatalisahau somo hilo atakapokuwa baba au mama. Wauzaji wa matunda pia tusiwatazame kama wakosaji. Wengi wao ni akina mama wanaosomesha watoto kwa toroli moja ya mananasi. Tuwadai usafi, lakini nasi tunaowatoza ushuru tuwadai wakuu wa masoko bomba la maji safi karibu na meza zao. Haifai kumhukumu mtu kwa mikono michafu ikiwa hakuna mahali pa kuinawia.

Wamisionari wa kike walipofungua hospitali ya Lubaga mwaka 1899, watu wa kilima hiki walijifunza kupanda kuifuata dawa. Tunaishukuru kazi hiyo, na itaendelea kuhitajika. Lakini sehemu kubwa ya maradhi yanayojaza vitanda leo, kama vile kisukari, moyo na saratani ya utumbo, huanza mezani miaka mingi kabla ya kufika wodini. Waliotutangulia walikinga miili yao pasipo kujua jina la vitamini hata moja. Sisi tunayajua majina yote, na malori yanatupitia mlangoni kila alfajiri. Kinachobaki ni kununua, kuosha na kula. Kinga ni bora kuliko tiba.